Tai mweupe begani: sifa ya Divisheni ya 101 ni ya nani?

Mama mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kidato cha tatu amenunua jaketi la mtumba lenye kiraka begani, kichwa cha tai mweupe kwenye ngao nyeusi. Wenzake wamemwambia hiyo ni alama ya kikosi cha Marekani kilichomshinda Hitler, na kwamba hakijawahi kushindwa. Sasa ananiuliza mimi, na mimi sijui. Je, kweli walikuwa bora kuliko wote, au ni sifa za sinema tu? Tena anauliza kama mle ndani kulikuwa na weusi."

Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuuliza, na mwanao kauliza vizuri zaidi, maana hilo swali lake la mwisho ndilo litakalonichukua nafasi kubwa.

Nikujibu kwanza kwa ufupi. Kiraka hicho ni cha Divisheni ya 101, askari wa miavuli wa Marekani. Hawakumshinda Hitler peke yao. Sehemu kubwa ya jeshi la Ujerumani ilivunjwa upande wa mashariki na Wasovieti, na hata huko magharibi divisheni hii ilikuwa moja kati ya nyingi. Lakini sifa yao ya ushujaa si ya kutungwa. Waliistahili. Ninachokilalamikia mimi ni kwamba sifa yenyewe imefungiwa ndani ya siku chache na nembo moja, wakati waliofanya ile kazi walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa weusi ambao wakati ule hawakuruhusiwa hata kukishona kiraka hicho begani.

Divisheni iliundwa tarehe 16 Agosti 1942 katika kambi ya Claiborne, jimbo la Louisiana. Yule tai ni wa kale kuliko divisheni. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kikosi kimoja cha jimbo la Wisconsin kilikuwa na tai wa kweli, aliye hai, kikimbeba juu ya fimbo ndefu mpaka uwanja wa mapambano. Wakampa jina la Old Abe. Kichwa chake ndicho hicho anachotembea nacho mwanao. Jenerali wa kwanza wa divisheni, William C. Lee, aliwaambia vijana wake wapya kwamba divisheni yao haina historia yoyote, ila ina miadi na majaliwa. Ni maneno makubwa kuwaambia vijana ambao wengi wao walikuwa bado hawajawahi kuruka kutoka kwenye ndege, na wao waliyachukua kwa uzito wake wote.

Hapa kuna jambo moja ambalo bila kulielewa, yote yanayofuata yataonekana kama bahati. Askari wa kawaida wa miguu akizingirwa, mambo yake yameharibika: adui yuko mbele, nyuma na pembeni, chakula hakiji, risasi haziji. Askari wa mwavuli anaanzia hapo hapo. Anatupwa nyuma ya mistari ya adui usiku, amebeba kila alicho nacho mgongoni na kiunoni, na tangu miguu iguse ardhi amezingirwa tayari. Mafunzo yake yote yanamwandaa kwa hali hiyo: apambane akiwa na wenzake wanne tu badala ya mia, asisubiri amri ya ofisa ambaye huenda amekufa au ameangukia kijiji kingine. Waliorukia miavuli walikuwa wa kujitolea, na walilipwa posho ya hatari. Divisheni ilikuwa pia na askari waliobebwa kwa ndege zisizo na injini, zinazovutwa kwa kamba na ndege nyingine kisha kuachiwa zitue zenyewe mashambani. Hao wengi hawakujitolea, walipangwa tu, na kwa muda mrefu posho ile hawakuipata, ingawa vyombo vile vya mbao, turubai na mabomba vilivunjika na kuua hata majenerali. Don Pratt, naibu kamanda wa divisheni, alifia ndani ya kimoja siku ya kwanza kabisa ya vita yao.

Siku hiyo ilikuwa 6 Juni 1944, uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa. Jenerali Lee hakuwepo. Moyo ulimsumbua miezi michache kabla, akarudishwa kwao, nafasi yake ikachukuliwa na Maxwell Taylor. Jioni ya tarehe 5, Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi ya washirika upande wa magharibi, alikwenda uwanja wa ndege wa Greenham Common huko Uingereza, akatembea katikati ya vijana wa 101 waliokuwa wamejipaka masizi usoni, akawauliza mmoja mmoja wanatoka jimbo gani. Mshauri wake wa mambo ya anga alikuwa amemwonya kwamba wengi wao hawatapona. Mkumbuke Eisenhower, mama, tutakutana naye tena mahali usipopategemea.

Mruko wenyewe ulivurugika. Mawingu yalizifunika ndege, mizinga ya Wajerumani ikazitawanya, na watu zaidi ya 6,000 wakamwagwa ovyo juu ya mashamba, miti na mabonde yaliyojaa maji. Kila mtu alipewa kidude kidogo cha bati cha kubofya, chenye mlio kama wa nyenje. Ukibofya mara moja gizani na ukajibiwa mara mbili, huyo ni mwenzako. Hebu fikiri kijana wa miaka ishirini amelala chini ya ua wa shamba la watu asiowajua, amebofya mara moja, na anasubiri. Ndivyo divisheni ilivyokusanyika usiku ule, watu watatu hapa, kumi pale, maofisa wengine wakijikuta hawana askari wa kuwaongoza. Hata hivyo zile njia za kutoka ufukweni, ambazo askari wa meli wangezihitaji asubuhi, walizikamata, na tarehe 12 Juni mji wa Carentan ukawa mikononi mwao. Siku moja kabla yake, Luteni Kanali Robert Cole aliongoza shambulio la singe lililompatia Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote za Marekani. Hakuwahi kuivaa. Aliuawa Uholanzi mwezi Septemba, kwenye operesheni iliyofuata. Siku iliyofuata, karibu na mahali pale pale, askari wa kawaida aliyeitwa Joe Mann, mikono yake yote miwili ikiwa imefungwa bendeji, aliona guruneti limeangukia ndani ya handaki, akalilalia kwa mgongo ili wenzake wapone. Katika vita nzima divisheni ilipata nishani hizo mbili tu, na wenyewe hawakuwepo kuzipokea.

Lakini jina la 101 halikujulikana duniani kwa sababu ya Normandy wala Uholanzi. Lilijulikana kwa mji mmoja mdogo wa Ubelgiji unaoitwa Bastogne.

Tarehe 16 Desemba 1944 Wajerumani walishambulia kwa ghafla kwenye misitu ya Ardennes, mahali ambapo Wamarekani walikuwa wachache na wengine wamechoka. Bastogne ulikuwa mji wa kawaida, ila barabara saba zilikutana hapo. Kwenye msitu wenye theluji na matope vifaru haviwezi kupita popote vipendapo, kwa hiyo mwenye Bastogne ndiye mwenye barabara. Divisheni ya 101 ilikuwa mapumzikoni Ufaransa, katika kambi ya Mourmelon. Jenerali Taylor alikuwa Washington kikazi. Aliyebaki na madaraka alikuwa Anthony McAuliffe, kamanda wa mizinga. Wakapakiwa kwenye malori na matrela yasiyo na paa, wamesimama wamebanana, wakasafiri kama kilomita 170 usiku wa baridi kali. Wengi hawakuwa na makoti ya majira ya baridi, na risasi zilikuwa haba. Njiani walikutana na wenzao wanaokimbia kutoka mbele, wakawaomba risasi walizobakiza.

Kufikia tarehe 21 mji ulikuwa umezingirwa pande zote. Tarehe 22, kabla ya saa sita mchana, Wajerumani wanne walitokea barabarani na bendera nyeupe, wawili maofisa na wawili askari wa kawaida, wameleta barua iliyoandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Jisalimisheni ndani ya saa mbili, la sivyo mizinga itauangamiza mji pamoja na raia wake. McAuliffe alipoelezwa, lilimtoka neno moja, "Nuts!" Neno lenyewe maana yake ni njugu, ila kwa lugha ya mtaani kwao ni kama mtu kusema "upuuzi mtupu." Baadaye akakaa kutafuta namna ya kuijibu barua ile rasmi. Ofisa wake, Harry Kinnard, akamwambia lile alilolisema mwanzo linatosha. Likapigwa chapa hivyo hivyo, juu "Kwa Kamanda wa Kijerumani", katikati neno lile moja, chini "Kamanda wa Kimarekani". Kanali Joseph Harper ndiye aliyelipeleka. Wajerumani hawakulielewa, wakauliza kama jibu ni la kukubali au kukataa. Harper akawafafanulia kwamba kwa lugha rahisi maana yake ni nendeni jehanamu.

Kwa hiyo ukimsikia mwanao anasimulia habari hiyo, usidhani ni ya sinema. Ilitokea, na waliokuwepo waliisimulia wenyewe. Wenzetu wanaopenda kupunguza sifa za watu husema lilikuwa neno tu. Mimi naliona tofauti. Siku ile ile mizinga ya Wamarekani ilikuwa imewekewa mgao wa makombora kama kumi kwa siku kwa kila mzinga. Ndege za kuleta mahitaji zilikuwa zimeshindwa kuruka kwa sababu ya ukungu. Na kuna jambo baya zaidi ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Usiku wa tarehe 19 Wajerumani walikuwa wameikamata hospitali ya divisheni, madaktari wa upasuaji pamoja na vifaa vyao. McAuliffe alipolikataa lile sharti, alijua majeruhi wake wamelala sakafuni na karibu hana wa kuwapasua.

Kesho yake, tarehe 23, anga ilifunguka. Ndege 241 zilipita juu ya mji zikidondosha tani 144 za risasi, makombora, chakula na dawa kwa miavuli ya rangi mbalimbali. Hata miavuli yenyewe ilikusanywa, ikawa mablanketi na shuka za majeruhi. Tarehe 26 jioni vifaru vya Divisheni ya 4 vikapenya kutoka kusini, na mzingiro ukavunjika. Magazeti ya Marekani, ambayo siku zile za Krismasi yalikuwa yakichora ramani yenye kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Wajerumani, sasa yakapata jina la kuweka kwenye kile kisiwa. Machi 1945 divisheni nzima ilipewa tuzo ya rais ya ushujaa wa kikosi, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika kwa divisheni kamili. Tangu siku hiyo, ukisema Bastogne umesema tai.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, mama.

Ndani ya ule mzingiro hawakuwa 101 peke yao. Kulikuwa na sehemu ya Divisheni ya 10 ya vifaru, ambayo ilifika kabla yao na kuyazuia majeshi ya Ujerumani kwenye vijiji vya Noville, Longvilly na Wardin kwa muda uliotosha askari wa miavuli kuchimba mahandaki. Kulikuwa na Batalioni ya 705 ya kuharibu vifaru. Kulikuwa na askari waliopotezana na vikosi vyao, wakaunganishwa wakawa kikosi cha dharura. Na kulikuwa na Batalioni ya 969 ya mizinga mikubwa ya milimita 155. Askari wake walikuwa weusi.

Jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa la ubaguzi kwa sheria na kwa desturi. Mweusi alikuwa na vikosi vyake, mara nyingi chini ya maofisa weupe, na wengi waliishia kwenye kazi za kupakua meli na kuendesha malori. Divisheni ya 101 ilikuwa ya weupe. Lakini mizinga iliyoulinda mji wakati askari wa 101 wakiwa kwenye mahandaki yao, baadhi yake ilijazwa makombora na mikono ya vijana weusi wa 969, pamoja na wenzao wachache waliosalia wa Batalioni ya 333. Hao wa 333 walikuwa wametoka kwenye msiba. Tarehe 17 Desemba, 11 kati yao walijificha kwa familia moja ya wakulima katika kijiji cha Wereth. Askari wa SS, jeshi la chama cha Hitler, wakafika, wakawachukua, wakawatesa na kuwaua, miili ikaachwa kwenye theluji. Batalioni ya 969 nayo ilipata tuzo ya ushujaa wa kikosi kwa kazi yake ya Bastogne, tuzo ile ile waliyopewa wenye tai. Hilo limo kwenye kumbukumbu rasmi za jeshi. Halimo kwenye simulizi za vijana wanaonunua jaketi, na ndiyo maana nakuandikia.

Kuna mwingine, na huyu anatoka karibu na kwetu kuliko wote.

Augusta Chiwy alizaliwa mwaka 1921 huko Mubavu, katika nchi ambayo leo ni Burundi na wakati ule ilikuwa chini ya Wabelgiji. Baba yake alikuwa Mbelgiji, daktari wa mifugo, na mama yake Mkongo. Akiwa na miaka tisa alipelekwa Ubelgiji, akakulia Bastogne, akasomea uuguzi Leuven. Mnamo 16 Desemba 1944, siku yenyewe ya shambulio, alikuwa safarini kwenda nyumbani kula Krismasi na baba yake. Watu walikuwa wanaukimbia mji. Yeye aliingia.

Ndani ya mji, daktari mmoja kijana wa ile Divisheni ya 10 ya vifaru, Jack Prior, alikuwa na majeruhi kwenye jengo la duka barabara ya Neufchâteau, bila dawa za kutosha na bila wauguzi. Augusta akajitolea. Mwenzake wa mjini, Renée Lemaire, naye akajitolea. Desturi ya wakati ule haikutaka muuguzi mweusi awaguse askari weupe, na inasimuliwa kwamba wapo majeruhi waliokataa mikono yake mpaka Prior alipowaambia wachague, mikono hiyo au kifo. Nguo zake zilipolowa damu alivaa sare ya jeshi la Marekani. Akatoka na daktari mpaka uwanjani, chini ya risasi, kuwabeba walioanguka. Mwili wake ulikuwa mdogo, tena mweusi juu ya theluji nyeupe, hauna pa kujificha.

Mkesha wa Krismasi bomu la ndege liliangukia lile jengo. Majeruhi kama 30 walikufa, na Renée pamoja nao. Augusta na Prior walikuwa nyumba ya jirani, mshindo ukamtupa Augusta ukutani, akainuka akiwa hai, akaendelea na kazi. Renée alikuwa ameomba apewe mwavuli mmoja mweupe kati ya ile iliyoshuka na mizigo, ashone gauni la harusi. Prior aliufunga mwili wake kwenye mwavuli mweupe, akaupeleka kwa wazazi wake.

Baada ya vita Augusta alinyamaza. Miaka ikapita, Renée akakumbukwa kama malaika wa Bastogne, na yule muuguzi mweusi akabaki mtu wa pembeni kwenye simulizi, hata kutajwa kwa jina ambalo si lake. Wengi waliamini alikufa usiku ule. Ni mwanahistoria Martin King aliyemtafuta mpaka akampata, mzee, anaishi Ubelgiji. Mwaka 2011 mfalme wa Ubelgiji alimpa nishani, na Desemba mwaka huo huo jeshi la Marekani nalo likampa tuzo yake ya utumishi wa kibinadamu. Alikuwa na miaka 90. Alifariki Agosti 2015.

Sasa nirudi kwenye swali lako, kama walikuwa bora kuliko wote. Ukiwauliza wa Divisheni ya 82, ndugu zao wa miavuli, watakukatalia haraka. Wao waliruka Sicily mwaka 1943 kabla 101 haijaona vita, wakaruka tena Italia, kisha Normandy na Uholanzi. Siku ile ya malori, wote wawili walielekezwa Ardennes. Wa 82 walipelekwa upande wa kaskazini, wakapambana na majeshi ya SS kwa ukali huo huo, ila mahali pao hapakuzingirwa na hapakuwa na barua wala neno moja la kuandikwa gazetini. Mimi sioni namna ya haki ya kumweka mmoja juu ya mwenzake. Na hata hao wa 101 mateso yao mengi yalikuja baada ya tarehe 26, walipoamriwa kutoka mjini na kushambulia vijiji vya Foy na Noville mwezi Januari, theluji magotini. Kati ya 19 Desemba na 6 Januari walihesabu vifo 341, majeruhi 1,691 na waliopotea 516, na mashambulizi ya Foy yalikuwa bado. Wazee wao hawakulikubali kamwe neno "kuokolewa". Walisema hakuna aliyewaokoa.

Je, weusi waliruka kwa miavuli vita ile? Waliruka, mwambie mwanao, lakini hawakupelekwa Ulaya. Batalioni ya 555 ilikuwa ya weusi watupu, wamefuzu kama wenzao. Mwaka 1945 walipelekwa jimbo la Oregon, kwa sababu Wajapani walikuwa wakituma maputo yenye mabomu kuvuka bahari ili yawashe misitu, wakawa wanaruka kuzima moto. Jenerali James Gavin wa Divisheni ya 82 ndiye aliyeamua waandamane pamoja na askari wake kwenye gwaride la ushindi New York, Januari 1946. Miaka miwili baadaye Rais Truman akatoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini.

Na hapa anarudi Eisenhower, sasa akiwa rais. Septemba 1957, katika mji wa Little Rock, Arkansas, wanafunzi tisa weusi walikuwa na haki ya mahakama kusoma shule ya Central High, na gavana aliwatumia askari wa jimbo kuwazuia mlangoni. Eisenhower akawatuma 101, watu wapatao elfu moja. Asubuhi ya tarehe 25 vijana wale tisa walipandishwa ngazi za shule wakiwa wamezungukwa na askari wenye singe na kile kiraka begani. Kwangu mimi hiyo ni siku kubwa ya tai sawa na Bastogne, na naisema nikijua kwamba askari weusi waliokuwamo tayari kwenye divisheni waliwekwa kando wasionekane pale shuleni. Mei mwaka uliofuata mmoja wa wale tisa, Ernest Green, alihitimu.

Lakini usimfiche kijana upande wa pili. Vietnam ilikuwa kitu kingine. Mei 1969 walipanda kilima namba 937 kwa siku kumi, Wamarekani 72 wakafa, kisha wiki chache baadaye kilima kikaachwa. Kabla ya hapo, mwaka 1967, kikosi kidogo cha divisheni kilichoitwa Tiger Force kiliua raia wasio na silaha vijijini. Jeshi lilichunguza kwa miaka zaidi ya minne, likapata ushahidi, halikumshtaki mtu, na wananchi wakayajua kwa kina mwaka 2003 tu kupitia gazeti moja la Ohio. Irak, mwaka 2006, askari wa divisheni hii walimbaka binti wa miaka 14 huko Mahmudiyah, wakamuua pamoja na wazazi wake na mdogo wake. Hao walifungwa. Hayo hayafuti Bastogne. Bastogne nayo haiyafuti hayo.

Na mwaka 2014, ebola ilipoichoma Liberia, makao makuu ya divisheni hii ndiyo yaliyopelekwa Monrovia kuongoza askari wa Marekani waliokwenda kusaidia kujenga vituo vya tiba na kusafirisha vifaa. Wengi waliowaona pale hawakujua huyo tai ana habari gani nyuma yake.

Jambo la mwisho, la kiraka chenyewe. Mwambie akikague. Cha asili kina kichwa cheupe, mdomo wa njano na ulimi mwekundu, na juu ya ngao kuna upinde mdogo mweusi wenye herufi za njano unaosema ni askari wa anga. Upinde huo umebaki ingawa divisheni haipigani kwa miavuli tena, inabebwa kwa helikopta. Akimpata mtu mwenye picha za zamani, atazame kofia za chuma. Pembeni zimechorwa alama za karata, na kila moja ni ya rejimenti yake: shupaza ni 506, kopa ni 502, uru ni 501, na mavi ya mbuzi, yaani lile pande lenye majani matatu, ni la 327, wale wa ndege zisizo na injini walionyimwa posho. Ndio hao wa Kanali Harper, na kwenye mistari yao ndipo bendera nyeupe ilipotokea.